Doto Hakuwemo Daftarini

Kabla hujamgusa mtu shingo, mpe maji anywe. Kikombe kimoja kinatosha. Kaa mbele yake, mwambie ainue kidevu kidogo kisha ameze, na wewe utazame tu. Tezi ya shingo hupanda na kushuka mtu anapomeza, na kama kuna uvimbe juu yake, nao utapanda na kushuka. Ukishaona, ndipo uzunguke nyuma yake, uweke vidole pande zote mbili za koo, umwombe ameze tena. Ukianza kwa kubinya, mgonjwa ataogopa, atakaza shingo, na vidole vyako havitasikia kitu. Hayo nilijifunza nikiwa mtu mzima, baiskeli imeegemea kiunoni na kikombe cha bati mkononi, katika vijiji vya Sikonge na Nzega. Nawaandikia vijana mnaoanza kazi ya eksirei. Mashine zenu ni nzuri kuliko zetu, na haraka yenu ni kubwa kuliko yetu.

Mimi si mtaalamu. Shule niliiacha darasa la nne. Sikufukuzwa. Mwalimu alikuwa akituimbisha majina ya mito ya nchi za mbali, nami nikaona bora nikautazame kwanza mto Ugalla, ambao ulikuwa karibu na hakuna aliyeutaja. Nikaenda, nikautazama, sikurudi. Pale Ipole nilimbebea mzee mmoja mizinga yake ya nyuki mpaka nikachoka kuumwa. Nikakausha tumbaku. Nikawa utingo wa lori la Sikonge. Nikapiga mtaimbo kwenye reli. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, alikwenda pwani na kurudi mara nyingi kuliko alivyokwenda shambani kwake, na alikuwa akisema kwamba Mnyamwezi akikaa mahali pamoja misimu mitatu miguu inamwasha. Yangu iliwasha kila mwezi.

Hospitalini nilifika kama mgonjwa. Mtaimbo uliniangukia mguuni, nikapigwa picha, na nilipooneshwa mifupa yangu mwenyewe kwenye kioo chenye taa nilisahau maumivu. Nikamwuliza mpiga picha, Mzee Feruzi, ule mwanga ulipitaje kwenye nyama bila kuitoboa. Akaniambia niende nyumbani. Kesho yake nikarudi na magongo kuuliza tena. Siku ya nne alinipa ndoo. Alisema kama sina pa kwenda nimchotee maji ya kuoshea filamu, ili maswali yangu nayo yalipe kodi ya chumba.

Ulikuwa umebaki mwaka na kidogo tupate Uhuru.

Mzee Feruzi alikuwa mtu wa Isevya, hapo zamani fundi baiskeli, na mashine ya eksirei aliitunza kama baiskeli: kila jioni aliifuta, kila Jumatatu alikaza skrubu. Saa ya ukutani hakuiamini. Alisema dawa ya kusafishia filamu ikipata joto la Tabora la mwezi wa kumi hufanya kazi upesi, na saa haijui habari hiyo. Kwa hiyo aliiweka bakuli ya dawa ndani ya beseni la maji ya mtungi, na muda aliupima kwa kusoma sura fupi za Kurani, moja siku za baridi kidogo, nyingine siku za joto. Mimi, Mmoraviani, sikuwa na sura. Nikatumia wimbo wa kanisani wenye beti nne. Picha zangu zikatoka nyeusi. Akaziinua kwenye taa, akasema Wamoraviani tunavuta sana mwisho wa ubeti.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Mashine ikiwashwa alisimama nyuma ya ukuta wa matofali, akachungulia kwenye kidirisha cha kioo kizito. Alisema moto ukikugusa unaruka pembeni, lakini mionzi haina harufu, haina joto wala sauti, inakuchoma nawe unacheka. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Aliona tu vidole vya mpiga picha aliyemtangulia vilivyokauka na kupasuka, akajumlisha mwenyewe.

Chumba cha mwisho kilikuwa na mashine ya pili, ndogo, isiyopiga picha. Hiyo ilikuwa ya mapunye. Watoto waliokuwa na mapunye sugu kichwani daktari Mzungu wa wakati ule aliwachora alama tano kwa wino, na kila alama ilipigwa mionzi kwa dakika chache. Baada ya wiki tatu nywele zote zilidondoka pamoja na ugonjwa, kichwa kikabaki laini kama yai, kisha zikaota nywele mpya. Msimlaumu daktari yule haraka. Katika nchi kubwa nako walifanya hivyo, na vidonge vya mapunye vilikuwa bado havijatufikia. Akina mama waliipenda sana mashine ile. Dawa inayong'oa nywele zote waliiona dawa kweli.

Mzee Feruzi alikuwa amekata kipande cha bati la risasi, ile metali nzito, akakishonea kitambaa, na kila mtoto alimvisha shingoni kama kola. Daktari hakumwagiza. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba daktari ameandika kichwa, hakuandika shingo.

Sasa niwaeleze Ijumaa moja.

Asubuhi alikuja mama mmoja na mabinti zake wawili mapacha wa miaka minne, Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa na mapunye. Mzee Feruzi akamvisha kola, akampiga mionzi, akaandika jina lake daftarini, na safu ya mwisho, ile ya mtumishi aliyefanya kazi, akatia jina lake mwenyewe. Kisha akaenda msikitini. Mama hakuondoka. Aliketi kwenye benchi, Doto mapajani, akinitazama.

Nikamwambia kazi imekwisha. Akasema bado mmoja.

"Huyu hana mapunye, mama."

"Kwani nimesema anayo? Hawa ni mapacha. Alichopata Kulwa, Doto naye apate."

Mkitoka kwingine mtacheka. Mimi sikucheka, maana nimezaliwa hukohuko. Kwetu mapacha hawatengwi. Ukimnunulia mmoja gauni, umenunua mawili. Ukimchapa mmoja kwa kosa lake, unamgusa na mwenzake kwa fimbo ileile, kidogo, asije akajiona ameachwa. Mwenye kuachwa huugua, na wazee watamwuliza mama alikuwa anafikiri nini.

Lakini nikisema nilimfanyia mama yule hisani nitakuwa nadanganya. Nilikuwa na mwaka mzima namtazama Mzee Feruzi akizungusha ile swichi, na mimi nachota maji. Mikono iliniwasha kuliko miguu. Nikamchora Doto alama tano, nikamvisha kola, nikarudi nyuma ya ukuta kama nilivyofundishwa. Kuchungulia kwenye kioo nikasahau. Nilikuwa nautazama mshale wa mashine unavyocheza. Nilipotoka, kola ilikuwa sakafuni. Mtoto alikuwa analia, amegeuza uso juu, na koo lake lilikuwa limeelekea kwenye mdomo wa mashine. Nikamvisha tena nikaendelea na alama zilizobaki. Mara mbili zaidi aliitupa.

Daftarini sikumwandika. Ningemwandikaje? Safu ya mwisho ilidai jina la mtumishi, na mimi nilikuwa mchota maji. Mama akanishukuru, akaondoka na mapacha wake wakiwa sawasawa.

Baada ya Uhuru niliacha kazi mara tatu, nikarudi mara tatu. Mzee Feruzi alistaafu akarudi kwenye baiskeli zake, na kabla hajaondoka alikuwa amenifundisha kazi yote kwa utaratibu wake. Mashine ya mapunye ilifunikwa magunia. Ujamaa ulikuwa umepamba moto, watu wamehamishiwa vijiji vipya, ndipo alipoletwa Daktari Malale, kijana wa Kisukuma aliyesomea pwani. Aliniita mtani, akadai Wanyamwezi ni Wasukuma waliopotea njia wakifuata misafara. Nilimpenda kwa sababu aliuliza maswali kama mimi.

Siku moja aliyafunua yale magunia. Akauliza ni mashine gani. Nikajisifu: alama tano, wiki tatu, kichwa kama yai. Nilidhani atacheka. Aliuliza watoto walikuwa na umri gani. Kisha akaenda nyumbani kwake akaleta jarida la udaktari lililochelewa njiani, akanitafsiria aya kwa aya. Kule nje wamefuatilia watoto waliopigwa mionzi kichwani na shingoni. Miaka mingi baadaye, wakiwa watu wazima na afya zao, baadhi yao wameota uvimbe kwenye tezi ya shingo, na baadhi ya uvimbe huo ni saratani. Tezi ya mtoto mdogo, alisema, hudhurika upesi kuliko ya mtu mzima, na hailipi kisasi siku hiyohiyo.

"Wote wataugua?" nikauliza.

"Hapana. Wengi hawatapata kitu. Ila hatujui ni nani, kwa hiyo tunawatafuta wote."

Akafungua daftari la zamani. Majina yalijaza kurasa nne. Nikasogea nikaangalia ukurasa wa Ijumaa ile. Kulwa yumo. Doto sikumtaja.

Kuwatafuta watu wale ilikuwa kazi ya mtu wa barabarani, na mtu wa barabarani nilikuwa mimi. Daftari lilisema fulani bin fulani, wa kwa mtemi fulani, na watemi hawakuwapo tena, wala vijiji vyenyewe. Mbinu yangu ilikuwa hii: usiulize ofisini, muulize balozi wa nyumba kumi, na balozi akishindwa muulize mkewe. Usitaje jina la daftarini peke yake. Mtu ana jina la kuzaliwa, jina la ubatizo au la madrasa, na jina ambalo wenzake wanamwita kwa sababu ya kitu alichofanya akiwa mtoto. Nilimtafuta Kashindye mwana wa Mihambo wiki tatu, nikachakaza tairi la mbele. Kumbe ni Yohana, mlinzi wa geti la hospitali yetu, ambaye kila asubuhi alinipa shikamoo na kuniuliza leo nakwenda kumtafuta nani.

Daktari alikuja nyuma yangu kwa Landrova petroli ilipopatikana. Tulikuta marovu mawili matatu, yaani tezi zilizovimba tu, laini, za kawaida, na uvimbe mmoja wa maji. Kumbukeni hilo: si kila shingo iliyovimba ni saratani, na mkienda vijijini na neno hilo mdomoni mtawafukuza watu porini. Sisi tulisema tumekuja kuwatazama watoto wetu wa zamani. Watu walichinja kuku.

Jina la mwisho lilikuwa Kulwa. Alikuwa ameolewa Lusu, upande wa Nzega, binti wa miaka kumi na tisa, mcheshi. Hakunikumbuka. Akaketi kwenye kigoda, akanywa, akameza. Shingo safi. Daktari akapapasa, akatabasamu, akaandika salama na kupiga mstari chini ya orodha nzima. Kulwa akanirudishia kikombe.

"Nijazie tena," akasema. "Hicho kilikuwa changu. Hiki cha Doto."

Daktari alicheka. Mimi nilikijaza mpaka ukingoni.

Kwenye Landrova daktari alikuwa anaimba. Tulikuwa tumevuka mbuga ya kwanza niliposema kuna mmoja hayumo daftarini. Akaacha kuimba. Nikamweleza Ijumaa, swichi, kola sakafuni mara tatu. Alisimamisha gari katikati ya barabara.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ulipofungua daftari."

Alikaa na mikono kwenye usukani.

"Miezi mitano tumewatafuta waliovaa kola," akasema, "na asiyevaa umekaa naye kifuani. Kesho tunakwenda kwake. Nitampima mimi. Kumwambia utamwambia wewe."

Doto, kwa maelezo ya Kulwa, alikuwa kijiji kipya cha tumbaku mbele ya Ipole, mke wa mrina asali, mtoto wa kwanza mgongoni. Alivaa shanga nene shingoni. Hatukuhitaji kikombe, ingawa daktari alimpa. Upande wa kushoto kilipanda na kushuka kitu kama karanga iliyo ndani ya ganda. Nilipopewa nafasi niliugusa uvimbe ule: mgumu, hauumi. Pembeni, karibu na mshipa mkubwa, palikuwa na mwingine mdogo. Mama mkwe wake alisema ni rovu, hata bibi yake alikuwa nalo, na wameshalipaka dawa.

Daktari akanitazama. Nikamweleza Doto yote, nimechuchumaa mbele yake, kwa Kinyamwezi, ili pasiwe na neno la kujificha nyuma yake. Alisikiliza huku anamtikisa mtoto.

"Mimi nilikuwa naumwa?" akauliza.

"Hapana. Aliyeumwa ni Kulwa."

Akacheka kwa pua. "Mama yangu huyo." Mama yao alikuwa ameshafariki. Kisha akamgeukia daktari. "Nitakufa?"

Daktari Malale hakumzungusha. Alimwambia uvimbe wa namna hii mara nyingi huenda polepole. Ukikatwa mapema watu huzeeka wakiwa wameusahau. Ukiachwa, yeye hamwahidi kitu. Lazima aende pwani, kwenye hospitali kubwa, akapasuliwe shingo na uvimbe upimwe.

Doto akasema atakwenda, lakini bila Kulwa hapandi treni. Mama mkwe akaunga mkono. Mume akaunga mkono. Daktari akaanza kueleza kwamba Kulwa ni mzima, nikamvuta shati. Desturi iliyompeleka mtoto yule kwenye mashine ndiyo ingempeleka kwenye kisu, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana nayo mara ya pili. Jioni ileile nilidandia lori la tumbaku mpaka Tabora, kesho yake lingine mpaka Nzega, na siku ya tatu nilirudi stesheni na Kulwa, kikapu kichwani, akiniuliza kwa nini nimechelewa kuja kumwita.

Waliondoka behewa la daraja la tatu, wamevaa kanga za namna moja. Kulwa alimbeba mtoto wa Doto.

Wiki zile nilifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya. Jibu lilikuja kwa barua. Ilikuwa saratani. Tezi yote imetolewa, na uvimbe ule wa pembeni umetolewa, kwingine hawakuona kitu. Atameza kidonge kila siku maisha yake yote, na shingo yake itatazamwa kila mwaka. Daktari aliisoma mara mbili, akanipa niisome mwenyewe, akaenda kunawa uso.

Jueni hili, wanangu, msije mkakimbia kazi kwa hadithi ya mzee. Picha mnazopiga leo zina mionzi kidogo sana kuliko ile, na mtu aliyevunjika mfupa anahitaji picha. Msiiogope mashine. Muwe na adabu nayo. Mtoto mdogo afunikwe pasipohitajika kupigwa, ashikwe na mtu aliyevaa aproni ya risasi, na macho yenu yawe kwenye kioo, siyo kwenye mshale. Mgonjwa mzima akiwaambia aliwahi kupigwa mionzi utotoni, mpeni maji, hata kama amekuja kwa maumivu ya goti. Na kila aliyepita mbele ya mashine aandikwe, hasa yule ambaye hakupaswa kupita. Daftari langu la kwanza lilikuwa na maandishi mazuri sana, na lilikuwa linadanganya.

Doto alirudi msimu wa kupanda tumbaku. Aliteremka kutoka kwenye lori, Kulwa nyuma yake, wakaja moja kwa moja chumba cha eksirei. Shanga alikuwa amevua. Kovu lilizunguka chini ya koo kama uzi, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo. Alisema mumewe anadai sasa ana mke mwenye sauti ya jogoo mzee, na anamwogopa zaidi kuliko zamani, jambo ambalo halikumsikitisha. Kisha akaomba kuliona daftari.

Alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima kijijini kwake. Aliweka kidole kwenye ukurasa, akasoma silabi kwa silabi mpaka akamfikia pacha wake.

"Kulwa yupo," akasema. "Mimi sipo."

"Hupo."

"Niandike."

Nikachukua kalamu. Chini ya jina la Kulwa palikuwa na nafasi nyembamba, nikamwandika humo, tarehe ileile. Penye ugonjwa nikaandika hana. Nikataka kulifunga. Kidole chake kilikuwa bado kimelala kwenye karatasi, kikasogea taratibu mpaka safu ya mwisho, ambapo mstari wa juu ulikuwa na jina la Mzee Feruzi na mstari wake ulikuwa mtupu.

"Na hapa?"

Nikaandika jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo. Akalisoma kwa sauti yake mpya, polepole, bila kukosea. Kisha akamvuta Kulwa karibu, akamwonesha ile mistari miwili, wa juu na wa chini, yote imejaa.

"Haya," akasema. "Sasa tumelingana."